Hesabu ya Pipa la Mawese

Kwangu Ujiji kuna mwembe. Si miembe ile ya wageni, inayosemwa kuwa ni wajukuu wa mti ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Hiyo ina mnara na kiingilio chake. Huu wangu ni mwembe wa kawaida, una maembe madogo yenye nyuzi nyingi, na faida yake kubwa ni kivuli. Chini ya kivuli hicho, kila Jumamosi alasiri, hukaa vijana wanne na kompyuta mpakato mbili zilizochoka, wakibishana kwa lugha ambayo sidhani kama mjini Kigoma pana watu kumi waijuao.

Mmoja wao ni mjukuu wangu. Amemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Wa pili na wa tatu ni rafiki zake wa Mwanga. Wa nne ni binti mmoja mpole, ambaye mama yake anauza mawese sokoni, na ambaye kwa miezi miwili ya mwanzo sikuwahi kumsikia akisema neno zaidi ya "Shikamoo Babu".

Lugha yenyewe huitwa Lisp. Niliuliza maana yake nikaambiwa kuwa jina limetokana na kazi ya kushughulikia orodha, na kwamba aliyeibuni ni Mmarekani, John McCarthy, mwaka 1958. Kumbe ina umri mkubwa kuliko wa mwalimu yeyote aliye kazini leo! Hawa vijana wanatumia mtoto wake mmoja mdogo aitwaye Scheme, aliyezaliwa mwaka 1975, kwa sababu ni mwepesi na hazihemeshi zile mashine zao kuukuu. Nilipoitazama mara ya kwanza niliona mabano tu, mabano juu ya mabano, kama magamba ya samaki. Lakini mwalimu wa hesabu haogopi mabano. Miaka yote niliwakaririsha watoto MAGAZIJUTO: mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Katika lugha hii kila jambo limefungwa ndani ya mabano, na alama ya kujumlisha hutangulia mbele ya namba zake, kwa hiyo hakuna ugomvi wa kipi kitangulie kipi. Imebaki MA tu. GAZIJUTO imestaafu, kama mimi.

Naomba msomaji asidhani kwamba mimi ni mtaalamu. Mwaka 1974, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye cheti kibichi cha chuo cha ualimu, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye, lakini watu wa rika langu tulikuwa tumekwisha kuzoea kuishi bila chombo hicho, na hata jina lake hatukuafikiana. Wengine walisema ngamizi, wengine tarakilishi, na wananchi wakamaliza ubishi kwa kusema kompyuta. Mimi nilistaafu nikiwa sijawahi kuigusa. Ninachokijua ni namna mtu anavyokosea hesabu, na hilo nimelisomea maisha yangu yote.

Jumamosi moja nikasikia ugomvi. Walikuwa wamejipa swali: pipa la mawese la lita 40 linajazwa kwa vipimo viwili, kimoja cha lita moja na kingine cha lita mbili. Je, kuna njia ngapi tofauti za kulijaza, ukijali ni kipimo kipi kilitangulia? Mjukuu wangu alikuwa ameandika programu fupi ya kupendeza. Mantiki yake ilikuwa hivi: kipimo cha mwisho kumiminwa ama kilikuwa cha lita moja, ama cha lita mbili. Kwa hiyo njia za lita 40 ni njia za lita 39 ukijumlisha na njia za lita 38. Na njia za lita 39 nazo ni za 38 na za 37. Basi hivyo hivyo hadi chini. Ni sahihi kabisa. Mimi mwenyewe ningempa alama zote.

Tatizo ni kwamba ukiiambia kompyuta ifanye kazi, inanyamaza. Inanyamaza mpaka kahawa inapoa.

Hapo ndipo lawama zilipoanza, na msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha walimu baada ya matokeo mabaya anazifahamu. Mmoja akasema mashine ni mbovu. Mwingine akasema umeme umeidhoofisha, maana mji wetu kwa miaka mingi uliwashwa kwa majenereta ya dizeli na kila kinachoharibika tumezoea kuulaumu umeme. Mjukuu wangu akasema ni ile kazi ya kufagia takataka: Lisp hujifagilia yenyewe kumbukumbu isiyotumika tena, na pengine inasimama kila mara kufagia. Yule wa Mwanga akatoa hukumu kuu, kwamba lugha yenyewe ni ya kizee na afadhali waiache.

Nikaingilia. Nikasema, "Wanangu, mmempa mgonjwa dawa nne na bado hamjampima homa. Acheni lita 40. Nipeni pipa dogo."

Mjukuu wangu akasema, "Babu, kwa pipa dogo haina shida."

"Ndiyo maana nalitaka. Nataka kujua shida inaanzia wapi."

Tukachukua saa yangu ya mkononi na karatasi. Lita 10, jibu papo hapo. Lita 20, papo hapo. Lita 30, sekunde mbili. Lita 31, sekunde tatu. Lita 32, tano. Lita 33, nane kasoro kidogo. Nikawaambia waitazame ile safu: mbili, tatu, tano, nane. Kungoja kwenyewe kunakua kwa kanuni ile ile ya pipa, kila kungoja ni jumla ya kungoja kuwili kulikotangulia! Mashine mbovu haiwezi kuwa na adabu namna hiyo. Kwa mwendo huo lita 40 ni karibu dakika nne, na tulipoiacha imalize, ikawa hivyo. Basi mashine ilikuwa nzima, na lugha ilikuwa nzima. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii sana, tena bila kudanganya. Swali likawa: ni kazi gani hiyo?

Wavulana wakainamia kioo. Yule binti akachukua kijiti akachora mchangani. Alichora pipa la lita 5 juu, chini yake 4 na 3, chini ya 4 akachora 3 na 2, na kuendelea, kama mti uliopinduliwa mizizi juu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi tunyamaze ili tuisikie, "Lita 3 imeulizwa mara mbili. Lita 2 mara tatu. Lita 1 mara tano. Kila ikiulizwa inaanza upya, kama haijawahi kuulizwa."

Mjukuu wangu akamkatiza, ati hilo ni dogo, mara tano si kitu. Nikamwambia, nyamaza, piga hesabu kwa lita 40. Akapiga. Maulizo milioni 331 na zaidi, kwa swali ambalo lina vipande 41 tu, kuanzia lita sifuri mpaka lita 40.

Dawa yake ina historia. Mwingereza mmoja, Donald Michie, aliiandikia mwaka 1968: ipe kazi yako mahali pa kuweka majibu iliyokwisha kuyapata, na kabla ya kuhesabu chochote itazame hapo kwanza. Vijana waliita jedwali. Mimi nikaliita daftari. Wakaongeza mistari michache. Jibu, 165,580,141, likatoka kabla mjukuu wangu hajainua kidole.

Walishangilia. Binti akaufuta mti wake kwa unyayo ili achore mwingine, na mimi nilipoona unyayo ule ukipita juu ya mchanga, nikaondoka pale nikaingia ndani.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja jina. Vita na Idi Amin vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, sabuni hakuna, sukari hakuna, madaftari hakuna. Madarasa yalikuwa yamefurika watoto wa UPE, mpango wa kila mtoto kwenda shule tangu 1977. Katika stoo nilikuwa na katoni moja ya madaftari na nikaamua, kwa busara niliyoiona kubwa wakati ule, kuwapa wale niliowaona wepesi, watakaotufaulishia mtihani wa darasa la saba. Waliobaki waliandika mchangani.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne, mtoto wa mvuvi. Ukimpa saba mara nane alichora vijiti mchangani, akavihesabu kimoja kimoja, akafika, tena akafika sawasawa. Kisha akafuta kwa unyayo. Ukimuuliza tena saba mara nane kwa swali la pili, alianza upya. Wenzake walikuwa wamekwisha kutoka nje kucheza. Nilisimama mbele ya darasa nikasema kichwa chake ni kizito kama nanga. Darasa likacheka. Jina la Nanga likamganda, na kabla ya mwaka kwisha akaacha shule, akaenda kuvua dagaa. Katika kitabu cha mahudhurio niliandika neno moja: mtoro.

Miaka arobaini na zaidi nimelieleza hilo kwa kusema kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Zilikuwa ngumu, kweli. Lakini majibu yake yalikuwa sahihi, na mimi sikuwahi kujiuliza ni kwa nini mtoto mwenye majibu sahihi anachelewa. Nilimpima kwa saa, basi.

Wiki iliyofuata nilipanda daladala hadi Kibirizi. Nilijua yuko huko. Ana mitumbwi miwili na watu wa kumfanyia kazi. Ilikuwa asubuhi baada ya usiku wa giza, dagaa wametandazwa kukaushwa hadi karibu na maji. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo Mwalimu," akasema, akanipa ndoo niikalie.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilimweleza habari ya katoni na stoo, maana hilo hakulijua. Alisikiliza huku akichambua uchafu kwenye dagaa. Jina la Nanga alisema bado analo, liko ubavuni mwa mtumbwi wake mkubwa, nikageuka nikaliona, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nikamuuliza kama ningempa daftari lile, ingekuwaje.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Kalamu yenyewe sikuwa nayo."

Tukakaa. Baadaye nikaomba anipimie dagaa, makopo matatu. Alitaja bei na chenji yangu kabla sijafungua pochi, na bei hakunipunguzia.