Tunakwenda Rubondo Kuvua Sangara, Maandalizi Yanaanzia Hallunda

Kwa msomaji asiyeifahamu Hallunda, ni kituo cha pili kutoka mwisho wa treni nyekundu namba 13, upande wa Norsborg, kusini-magharibi mwa Stockholm. Ukishuka unakutana na jengo la maduka. Kaa pale nusu saa utasikia Kiarabu, Kituruki, Kisomali, na siku ukiwa na bahati, Kiswahili cha Bukavu au cha Bujumbura. Si mbali na hapo liko ziwa Mälaren, na huko ndiko familia yetu imekuwa ikifanya mazoezi tangu Aprili. Julai, shule zikiwa zimefungwa, tunakwenda Rubondo kuvua sangara tukiwa na kiongozi.

Rubondo ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Geita, hifadhi ya taifa tangu 1977. Hakuna vijiji. Kuna msitu, nzohe, tembo, viboko na mamba, na sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969. Uvuvi wa kawaida hauruhusiwi kwa kuwa maji yale ni mazalia ya samaki, ila mgeni anaweza kuvua kwa mshipi kwa kibali cha hifadhi. Sangara wa ziwa lile anaweza kuzidi kilo 100. Mwanangu wa miaka 11 aliposikia hivyo, habari ya kwenda ufukweni Zanzibar ikafa siku hiyo hiyo.

Mama yangu, aliye Sengerema, alipoelezwa kwa simu kwamba wavuvi wengi wa namna hii humpima samaki, humpiga picha, kisha humrudisha majini, alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Mwanangu, mnalipa hela ili mumwache?" Yeye alikua akila furu, na aliona mwenyewe jinsi sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alivyokuja kuwamaliza furu wengi baadaye. Kwake kumrudisha sangara ziwani ni sawa na kumfungulia mwizi mlango. Sina jibu la kumpa. Huku Sweden minofu ya samaki huyo huyo inauzwa ikiwa imeganda, kwa jina la victoriaabborre.

Tuje kwenye pasipoti, kwa kuwa wengi mtaniuliza. Viingilio vya hifadhi za Tanzania hupangwa kwa uraia: raia wa Afrika Mashariki analipa kiasi kidogo, mgeni analipa kikubwa. Tanzania hairuhusu uraia pacha, hivyo ukishachukua pasipoti ya Sweden utalipa kama Msweden, hata kama kitovu chako kimezikwa Sengerema. Mimi bado nina ya Tanzania. Watoto wana ya Sweden. Pigeni hesabu mapema, maana mabishano ya getini hayapunguzi bei.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Sisi tuliotoka huko hujiandaa kwenda nyumbani kwa kununua zawadi. Msweden akienda safari kama hii huonana na muuguzi wa chanjo wiki sita kabla. Sisi tunapima uzito wa masanduku. Na wengi wa wanaougua malaria wakiwa Ulaya ni watu waliokwenda kusalimia ndugu. Watalii ni wachache.

Mwaka juzi kijana wa familia ninayoifahamu, aliyezaliwa hapa hapa Botkyrka, alirudi kutoka kwa bibi yake Kigoma. Siku ya kumi akapata homa. Nyumbani wakasema ni mafua ya ndege na uchovu, wakampa vidonge vya homa. Siku ya tatu ya homa ile alikuwa haamki vizuri. Alipona, lakini baada ya kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mama yake ameniruhusu nisimulie, na akaniomba niseme kwamba baba wa mtoto alikuwa amekataa dawa za kinga kwa neno moja tu: "Huyu ni damu yetu."

Damu haina kinga ya kurithi ya namna hiyo. Kinga tuliyokuwa nayo tukiwa wadogo ilitokana na kuumwa na mbu kila mwaka, na wengine walikufa kabla hawajaipata. Ukikaa nje miaka michache inapungua. Mimi nina miaka tisa hapa, najihesabu mgeni. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kitu kabisa. Mjomba wangu amenicheka kwamba mtu wa Sengerema anameza dawa za Wazungu, nikamwambia anicheke tu, nitameza.

Kuna dawa zaidi ya moja, na daktari ndiye atakayekuchagulia kwa umri, uzito na magonjwa yako. Niongeze moja linalohusu uvuvi. Doxycycline hufanya ngozi iungue na jua kirahisi, hata ngozi yetu hii nyeusi, na nasi tutashinda ndani ya mtumbwi wa mashine katikati ya ziwa. Tena si dawa ya watoto wadogo. Sisi tumepewa atovaquone na proguanil, ambayo ina vidonge vya watoto. Inaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, inaendelea siku 7 baada ya kuondoka. Hizo 7 za mwisho ndizo watu huziacha, wakiwa wamesharudi Hallunda na kuona hatari imekwisha. Mara nyingi dawa hizi utalipia mwenyewe, na kwa familia ya watu watano si hela ndogo. Ziingizeni kwenye bajeti pamoja na tiketi.

Na mkirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe kwamba ulikuwa Tanzania. Usisubiri waulize.

Kuna kichekesho hapa. Kila mzazi wa hapa anajua chanjo ya kupe, tena tunakumbushana kabla ya kiangazi. Kupe wa Sweden tunamwogopa kuliko mbu wa Geita.

Turudi Mälaren. Sweden ina maziwa makubwa matano, Mälaren likiwamo, ambayo tangu 1985 kila mtu anaweza kuvua kwa fimbo na mshipi bila kibali wala ada. Wazazi wengi hapa hawajui, na watoto wanashinda na simu. Tunamvua gädda, samaki mrefu mwenye meno makali, kwa chambo bandia. Mwanangu amejifunza kufunga mafundo, kurusha bila kumchoma mtu, na kubana kimiba cha ndoano kwa koleo kiwe bapa, ili ikiingia kwenye kidole itoke bila kuchana nyama. Sangara hana meno kama ya gädda, lakini vifuniko vya mashavu yake vinakata kama wembe, basi nimenunua glavu. Chanjo ya pepopunda tumehakikisha wote.

Zoezi gumu kuliko yote limekuwa miguu. Mtoto wa Sweden akiona ziwa anavua viatu. Amefundishwa kuogelea shuleni, na akimwachia gädda huingia majini hadi magotini. Kwenye kingo za Ziwa Victoria kuna konokono wanaoeneza kichocho, na dakika chache za maji kwenye ngozi zinatosha, achilia mbali mamba. Kwa hiyo tangu Mei kuna sheria: Mälaren linahesabiwa kuwa Victoria. Anayelowesha miguu anarudisha fimbo kwenye mfuko na siku yake imekwisha. Ameshapoteza Jumamosi mbili, moja akiwa analia. Watu waliokuwa wanaota jua walinitazama kama mama katili.

Majaketi ya kujiokolea ya watoto tunayabeba kutoka hapa, ya sponji, si yale ya mtungi wa gesi yanayoleta maswali uwanja wa ndege. Kiongozi tuliyezungumza naye ni mtu makini, lakini boti nyingi zina saizi ya watu wazima, na mtoto huchomoka ndani yake. MV Bukoba ilipozama Mei 1996 nilikuwa na miaka sita, nakumbuka kilio mtaani. Mwaka 2018 ikazama MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Kwenye suala hili sibishani na mtu.

Nguo: acheni nyeusi na bluu iliyokoza, ambazo ndizo rangi za maduka ya wavuvi hapa. Mapori ya magharibi mwa ziwa yana mbung'o, na rangi hizo zinawaita. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, pakieni kwenye vitambaa.

Tutatua Mwanza, tulale kwa mama, kisha twende Chato kupanda boti. Safari hii hakuna foleni ya kivuko cha Busisi, kwani daraja la kilomita 3 lilifunguliwa 2025. Mama anasema anaukumbuka mhogo wa kukaanga wa pale kivukoni. Hata mimi.

Kwenye kalenda ya jikoni nimeshaandika wiki ya pili ya Oktoba: kipimo cha kichocho, watu wote watano. Kikifanywa mapema mno hakionyeshi kitu.