Baridi ya Mlima Kenya haijui fasheni

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilinusurika, lakini chupuchupu nigande kwa baridi katika Mlima Kenya.

Nilipanda kwa njia ya Naro Moru nikijivunia suruali mpya ya jinzi na buti nilizonunua wiki hiyo hiyo. Mpagazi wetu, mzee wa mvi, alinitazama akatikisa kichwa.

"Kijana yangu, hiyo suruali itakutesa huko juu," aliniambia. Nilicheka.

Kutoka kambi ya Met, mita 3,050, tuliingia kwenye kinamasi na mvua ikatunyeshea. Pamba hunywa maji na haikauki upesi. Kufika kambi ya Mackinder, mita 4,200 hivi, nilitetemeka hata nikashindwa kufungua zipu. Buti nazo zilikuwa zimenitoa malengelenge visiginoni.

Kilichonifaa ni sweta ya sufu ya mtumba niliyoinunua Gikomba kwa bei ya sahani ya chakula. Sufu hata ikilowa huhifadhi joto. Na mzee yule, bila kunisuta, alinivisha suruali yake ya pekee iliyokuwa kavu.

Alfajiri nilisimama kileleni Lenana, mita 4,985, nikiwa nayo.

Ndugu msomaji, ukiazimia safari hii, acha jinzi nyumbani, vaa buti ulizokwisha kuzizoea, na ufunge nguo za kubadilisha katika mfuko usiopitisha maji. Mpagazi naye huhisi baridi.