Anwani Moja kwa Mtaa Mzima

Vijana wa Kamembe hawaamini ninapowaambia kwamba zamani barua pepe ilikuwa ya kulipia. Bando wanalijua, na wanajua linavyopenda kuisha katikati ya maneno. Lakini anwani yenyewe wanaiona ni kitu kinachotoka ndani ya boksi pamoja na simu na chaja yake. Siwalaumu. Wameikuta dunia iko hivyo.

Sisi tuliipata barua pepe tukiwa bado Cyangugu, kabla mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 hayajaufuta mkoa huo na kutuweka katika Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Ofisi tuliyofanyia kazi ilikuwa Kamembe, mahali ambapo ukitoka mlangoni unaliona ziwa Kivu na ng'ambo yake nyumba za Bukavu, Kongo, zilizopanda vilima, na ndani, katika chumba kilichonuka wino na chai ya maziwa, kulikuwa na kompyuta moja yenye mgongo mkubwa, kibodi ya Kifaransa ambayo herufi zake zilikuwa zimeanza kufutika, na modemu iliyolia kila ilipotafuta laini: kwanza mlio wa simu, kisha mluzi, kisha mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Kimya ndicho tulichokisubiri. Maana yake tumeingia.

Kuingia kulikuwa na bei mbili, ada ya mwezi kwa kampuni ya Kigali iliyotupa anwani, na dakika za simu juu yake, kwa hiyo hakuna aliyeandika barua huku laini imefunguliwa. Tuliandika kwanza, tukasoma mara ya pili, tukapunguza maneno, tukaziweka barua zote kwenye foleni ya Outlook Express, na jioni ndipo tulipopiga laini, zikatoka zetu zikaingia za wenzetu, tukakata haraka. Mtu wa Ulaya asiyejua hali yetu akituambatishia picha ya harusi, siku hiyo imekwisha: mstari wa bluu unatambaa kwenye skrini, mhasibu anatazama saa ya ukutani, na laini ikikatika picha inaanza upya. Leo mjukuu wangu hupokea harusi nzima kwa video akiwa kwenye basi. Haitazami hadi mwisho.

Umeme nao ulikuwa na hesabu yake. Mto Rusizi ulitupita hapo chini ukaenda kuzungusha mitambo ya Mururu, na mbele kidogo ukazungusha ile ya Rusizi ya Pili ambayo Rwanda, Burundi na Kongo zinagawana, lakini mwaka 2004, nchi nzima ilipobanwa na upungufu wa umeme, sisi majirani wa mitambo tulikaa gizani sawa na watu wa Kigali. Barua ilisubiri jenereta, jenereta ikasubiri mafuta, na mafuta yakasubiri sahihi ya bosi.

Lakini kinachonirudisha nyuma si modemu wala giza, bali jinsi anwani ile moja ilivyokuwa ya wengi. Kwenye karatasi ilikuwa ya ofisi. Kwa kweli ilifanya kazi kama bomba la maji la mtaa, ambalo bili yake iko kwa jina la mmoja na ndoo zilizopangwa ni za wote. Watoto wa Kamembe waliokuwa wanasoma Ubelgiji, ndugu waliokwama Nairobi, mashemeji wa Montréal, wote waliandika kwetu, na juu ya barua wakaweka maelekezo: mpelekee mama auzaye samaki wa sambaza upande wa chini wa soko, mwambie mzee wa karibu na msikiti, hii ni ya fundi cherehani, asisome mkewe. Niliichapisha barua kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, printa ikipiga kelele hadi barabarani, nikayachana matundu, nikaikunja, na baada ya kazi nikaizungusha kwa miguu. Nikipita sokoni niliitwa kwa mbali, "Sekreteri, leo hakuna changu?" Kikiwepo, nilipewa kiti. Kisipokuwepo, nilipewa kiti vilevile na kuulizwa kama mashine ilikuwa nzima.

Wengi waliniomba niwasomee. Hivyo nikajua nani anaoa, nani amefeli mwaka wa pili, nani ametumiwa pesa na namba yake ya Western Union ni ipi. Nilijua barua za mapenzi zilizojifanya barua za biashara. Nilijua pia za misiba, na hizo sikuzichapisha kwanza. Nilikwenda kumtafuta mtu wa ukoo. Sikuwa na cheo chochote cha kunipa haki ya kuyajua hayo yote. Nilikuwa na neno la siri la ofisi tu.

Barua pepe ya bure ilifika kwetu kwa mkia wa barua. Hotmail ilianzishwa Marekani tarehe 4 Julai 1996, na waanzilishi wake, Sabeer Bhatia na Jack Smith, walikuwa na ujanja mmoja: kila barua iliyotoka kwao ilibeba chini yake mstari wa kumwalika mpokeaji naye afungue sanduku lake bila malipo. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua, na Yahoo nayo ikafungua masanduku yake. Mistari hiyo ya mwaliko ikaanza kuonekana kwenye barua za wanafunzi wetu walioko Ulaya, nami niliichapisha pamoja na salamu bila kuifikiria, nikaisambaza mtaani kwa mikono yangu mwenyewe. Vijana wakaisoma. Wakaelewa kabla yangu.

Vilipofunguliwa vibanda vya intaneti Kamembe, kulipia kukawa kwa dakika za kiti, si kwa anwani, na mtu yeyote mwenye sarafu mfukoni na subira akaweza kuwa na jina lake duniani. Kwetu Yahoo ya Kifaransa ndiyo iliyotawala, kiasi kwamba ukimwuliza kijana anwani yake alikutajia jina tu, mwisho wake ukiujua mwenyewe. Fomu ilidai namba ya posta ya mtaa, kitu ambacho Kamembe haikuwa nacho, basi vijana wakajaza namba za Paris, na Yahoo ikaamini kwamba mji wetu mzima uko kando ya mto Seine. Mwishoni mwa 2003, fomu ya bahati nasibu ya kuhamia Marekani ilipoacha karatasi na kuwa ya intaneti peke yake, foleni za vibandani zilitoka hadi nje, mashati yamepigwa pasi kwa ajili ya picha.

Masanduku yale ya bure yalikuwa madogo. Hotmail ilimpa mtu megabaiti 2, na akizijaza, barua za watu zinarudishwa zilikotoka. Kisha tarehe 1 Aprili 2004 Google ikatangaza Gmail yenye gigabaiti 1, mara 500 ya hiyo, na kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga wengi walidhani ni utani. Kuingia kulihitaji mwaliko mpaka Februari 2007, kwa hiyo mwaliko ukawa zawadi: ulitoka kwa mwanafunzi wa Butare kwenda kwa binamu yake wa Bukavu, ukavuka tena daraja la mpakani hadi kwetu.

Ofisi ilihama mwisho, watu wazima tukiwa na sababu zetu. Wafadhili walibana matumizi, mhasibu akaupigia mstari mwekundu ule mstari wa ada, na siku moja tukawa na anwani ya bure kama watoto wa sekondari. Ilikuwa na nafasi zaidi, ilifunguka popote, haikutaka modemu yetu. Ila heshima ilipungua. Anwani ya kulipia ilikuwa na jina la nchi au la kampuni ndani yake. Zile zilizoishia na rwanda1.com zilimwambia msomaji wa Brussels kwamba anaandikiana na ofisi iliyo na paa na kabati. Mfadhili mmoja alipoiona anwani yetu mpya aliuliza kwa adabu kama bado tupo. Bosi alimjibu kwa barua ya posta, yenye muhuri.

Jioni zangu pia zilibadilika, kwa kuwa walioniita sokoni walipungua mmoja baada ya mwingine. Nilielewa kwamba jambo limegeuka kabisa baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, na katika wilaya yetu na Nyamasheke kuta ziliwaangukia waumini. Upande wa Bukavu nako watu walikufa. Siku zilizofuata ndugu wa nje walitaka kujua nani yu hai. Miaka kadhaa nyuma ningekaa kwenye kompyuta ya ofisi mpaka usiku nikiwaandikia wote kwa zamu, majina yakisomwa nyuma ya bega langu. Safari hii walipanga foleni kibandani, na kila mmoja aliandika mwenyewe, kwa maneno yake, makosa yake ya tahajia yakiwemo. Sikuhitajika. Lilikuwa jambo jema, nami nililiona kuwa jema, na hata hivyo nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Basi ukipima, ya bure ilitupa faragha. Yule fundi cherehani hakuhitaji tena kuniamini. Muuza sambaza hazungushi tena habari za mwanawe kupitia mdomo wa sekreteri, na binti anayeomba nafasi ya chuo hangoji ofisi ya mtu ifunguliwe. Lakini faragha hiyo ilikuwa na msomaji wake. Kwa miaka mingi mashine za Google zilipitia maneno ya barua ili zijue tangazo gani la kuweka pembeni, mpaka mwaka 2017 kampuni ilipotangaza kuiacha kazi hiyo. Mimi nilisoma barua za Kamembe, na Kamembe ilijua nakaa wapi. Ningetoa siri ya mtu, wazee wangeniita na kunikalisha chini. Msomaji huyu wa pili hana nyumba ya kuendewa.

Barua zenyewe nazo zilihama. Zile za kulipia zilishuka hadi kwenye kompyuta yetu na kukaa humo, Kamembe. Mashine ilipokufa kwa radi, zikafa nayo, sherehe na misiba pamoja. Za bure zinakaa kwenye majumba ya mitambo nchi za mbali ambako radi ya Kivu haifiki. Nikiandika leo jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia, barua yake ya mwaka 2007 inanijia kwa nukta moja. Hapo sina la kulalamika.

Na siku hizi? Vijana wana Gmail kwa sababu simu iliidai ilipowashwa. Hawaandikii mtu. Mazungumzo yao yako WhatsApp, ambayo nayo ilitoza dola moja kasoro senti kwa mwaka hadi ilipoacha Januari 2016. Gigabaiti 1 iliyotushangaza imekuwa 15, nazo zinajaa picha, na aliyejaza anaambiwa anunue nafasi. Ada ya mwezi imerudi.

Hata sekreteri amerudi. Anakaa kwenye kibanda cha huduma za Irembo, mfumo ambao tangu 2015 umepeleka vyeti na malipo ya serikali kwenye intaneti, na mzee anapokuja bila anwani, kijana humfungulia moja papo hapo, akaandika neno la siri kwenye daftari lake mwenyewe. Daftari hilo nimeliona. Lina wazee wengi. Tofauti ni kwamba mimi nilipewa barua niwapelekee, naye amepewa ufunguo, na wenyewe wakitoka pale hawajui hata jina la anwani yao. Wengine wanajua, ila waliifungua kwa laini ya simu ya Kongo walipokuwa wakifanya biashara Bukavu. Laini imekufa, na namba ya uthibitisho inatumwa huko kila siku bila wa kuipokea. Zamani ningempigia fundi wa Kigali, nikamtajia namba ya risiti. Kwa huyu wa bure sijui nimpigie nani.

Sitaki kurudi kwenye modemu. Anayetamani kurudi huko hakuwahi kulipa bili yake, au hakuwahi kusomewa barua yake ya mapenzi na jirani. Ya bure imewafikia watu ambao ya kulipia isingewafikia hata kwa miaka 50, na hilo linatosha kuitetea. Ila kisicho na risiti kinahitaji mwenyewe akilinde. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili, na wengi wetu tunazo za namna hiyo, zenye barua za waliokwisha kufa. Kwa hiyo, msomaji wa Kamembe, wa Bugarama, hata wewe uliyeko Bukavu: ingia leo kwenye anwani yako ya zamani. Weka namba ya simu unayoitumia sasa. Neno la siri liandike kwenye daftari lako, si la kijana wa kibanda. Na barua mbili tatu ambazo ungependa wajukuu wazisome, zichapishe.