Mkanda Mdogo, Mzigo Mkubwa

Sisi wakaaji wa Kisangani twayajua malori kwa mizigo yake. Likiingia lori litokalo Bafwasende, twatazama magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, na abiria walioketi juu ya hayo yote. Ni wachache kati yetu waliowahi kuinama na kutazama mbele ya injini, ambapo mkanda mwembamba wa mpira huzunguka mchana kutwa. Mafundi wa kwetu huuita kurua, kwa jina la Kifaransa. Mkanda huo ukikatika, mpunga haufiki sokoni wala abiria hawafiki kwao.

Kazi yake ni hii. Katika malori mengi ya zamani, mkanda mmoja, au miwili iendayo sambamba, huchukua nguvu ya injini na kuzungusha feni, pampu ya maji na altaneta, yaani mtambo ulishao betri umeme. Ukikatika, maji hayazunguki tena, feni haipozi rejeta, na betri hubaki na kile ilicho nacho tu. Dereva asiposimama upesi, injini huchemka hata kichwa chake kikapinda, na hasara hiyo yaweza kumfilisi mwenye lori.

Mkanda wa namna hii, ulio mpana juu na mwembamba chini, ulitengenezwa kwa mpira na kitambaa na John Gates wa Denver, Marekani, mwaka 1917. Hushika kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo lake. Kwa hiyo tumbo likianza kugusa chini ya mfereji wa puli, mkanda umekwisha, hata kama haujapasuka.

Mwaka mmoja tuliwasindikiza wanafunzi wetu waliokuwa wakienda Kisangani kufanya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Zilibaki siku mbili tu. Lori kuukuu la mfanyabiashara mmoja lilitupokea. Kabla ya kufika Bafwaboli tukasikia mlio mkali kutoka mbele, kisha kishindo, na taa nyekundu ya betri ikawaka. Dereva, mzee mpole, alizima injini pale pale. Msitu ulikuwa kimya pande zote, na mvua ilikuwa ikijikusanya. Wanafunzi wakatutazama sisi. Nasi tukamtazama mzee.

Mzee akatoa chini ya kiti mikanda miwili mipya iliyofungwa kwa kitambaa. Mmoja tu ndio uliokatika, lakini aliibadilisha yote miwili, kwa maana mpya ukifungwa pamoja na mkuukuu, mpya hubeba mzigo wote peke yake. Akangoja injini ipoe, akaondoa waya wa betri, akalegeza boliti za altaneta na kuisukuma ndani mpaka mikanda mipya ikaingia kwa mikono. Hakuitia kwa nguvu ya bisibisi, kwa sababu nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana. Akafuta mafuta kwenye puli, akatazama kama zimesimama katika mstari mmoja. Mwisho akaivuta altaneta nje kwa chuma, polepole.

Msaidizi wake akasema, “Papa, tuikaze kabisa iwe kama waya, isitukatikie tena.”

Mzee akajibu, “Mwanangu, tukiikaza hivyo, beringi za pampu zitakufa. Mikanda ninayo, lakini pampu ya maji sina.”

Akabonyeza kila mkanda kwa kidole gumba, katikati ya sehemu iliyo ndefu kuliko zote. Ulipozama kama sentimeta moja, akafunga boliti. Tukaenda nusu saa, akasimama tena, akazima injini na kupima upya, kwa kuwa mkanda mpya hunyooka ukishapata moto. Vijana walinung'unika wakihesabu saa. Yeye hakuharakishwa na mtu. Tulifika mjini usiku wa kuamkia mtihani, na asubuhi kila mwanafunzi alikuwa mahali pake.

Jambo tulilojifunza ni kwamba mkanda una maadui wawili, nao watokana na mkono ule ule. Ukilegea, huteleza, hulia, hung'aa mbavu na kuungua. Ukikazwa kupita kiasi, wenyewe hukaa kimya, lakini huua beringi za pampu na altaneta. Mwenye kuogopa ubaya mmoja asije akakimbilia wa pili.

Basi, kwa jamaa zenye lori, au vijana wanaojifunza ufundi, twashauri haya. Tazameni mikanda kabla ya kila safari ndefu, injini ikiwa imezimwa. Mkiona nyufa, nyuzi zilizochomoza au mafuta, badilisheni. Msipake grisi ili kuunyamazisha mlio. Mwendapo kununua, chukueni mkanda wa zamani pamoja na namba iliyoandikwa mgongoni mwake, mlinganishe upana na urefu. Tena wekeni fedha ya mkanda wa akiba kando kabla ya kuhesabu faida ya mzigo.

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Mwenye lori na apajue pembamba pake akiwa bado mjini, penye duka na fundi.