Kiboksi cha miezi 18

Mama wenzangu, mwaka unaisha. Leo siandiki kama nesi, naandika kama mama.

Mwezi wa saba kitinda mimba wangu alitimiza miaka 2. Nikatafuta kadi yake ya kliniki, nataka tu kukumbuka alizaliwa na kilo ngapi. Jamani, nikakuta kiboksi cha miezi 18 kitupu! Chanjo ya pili ya surua na rubela hakupata. Mtoto wangu mimi, ninayewauliza nyie kila asubuhi, "Mama, kadi iko wapi?"

Nikapiga hesabu. Ilikuwa Januari: zamu za usiku mfululizo, dada yake anaanza darasa la kwanza, baba yao safarini. Nikasema nitampeleka wiki ijayo. Mwezi huohuo nilipata muda wa kuandika malengo kwenye daftari: kuanza digrii, kupandisha msingi wa nyumba, kupungua uzito. Hakuna hata moja lililotimia, na wala siumii. Kile kiboksi ndicho kiliniuma.

Keki tulikata jioni ile. Kesho yake nilikaa kwenye benchi la kliniki, nimempakata, moyo unadunda kama mgeni. Nesi mwenzangu hakunisema. Alimchoma, akajaza kadi, akasema, "Umefanya vizuri kuja."

Basi na wewe uliyeruka tarehe, usikae nyumbani kwa kuogopa kufokewa. Kuchelewa si kukosa, nenda. Kabla hujaandika malengo ya mwakani, toa kadi ya mtoto, angalia miezi 9 na miezi 18. Mimi langu la mwakani ni hilo tu.