Mashine ya Juisi ya Bi Harusi

Kila tukisindikiza bi harusi Kariakoo kununua vyombo, ubishi huwa kwenye mashine ya juisi. Muuzaji ataisifu ile inayozunguka kwa kasi: bei nafuu, karoti inakwisha mara moja. Kweli, lakini ina kelele, juisi inajaa povu, na makapi yanatoka na maji yake. Yashike uyaminye; yakichuruzika, hiyo ni israfu ya kila siku. Ile ya kukamua polepole hufanya vizuri zaidi, hasa kwa mboga za majani, ila bei yake inauma.

Sisi tunauliza kwanza: mtakunywa nini? Ndizi na parachichi hazikamuliki, ukwaju unaloweka na kuchuja tu. Kwa futari ya nyumba nyingi blenda imara inatosha, pesa ibaki. (Mume akitaka bitiruti kila asubuhi, hapo sawa.)

Ukiamua kununua, fungua boksi hapo hapo dukani. Soma kibandiko: volti 220 hadi 240, maana ya volti 110 ukiichomeka huku inaungua. Waambie waiwashe. Kisha chomoa kichujio mwenyewe, ukione kama brashi inafika kila pembe, na udai risiti.