Mpaka Maungu

Waswahili husema kwamba mstahimilivu hula mbivu. Husema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hizi mbili tumezihifadhi tangu shule ya msingi na kuzipambia insha zetu, ila ni nadra kujiuliza hutokea nini zinapokutana njiani, moja ikikuamuru uendelee na nyingine ikikuamuru usimame. Mwenye kusafiri na wenzake anaweza kuliweka shauri hilo mbele ya baraza. Msafiri wa pekee hana baraza. Yeye ndiye mshtakiwa, yeye ndiye shahidi, na yeye ndiye kadhi. Jambo hili nililifahamu mwezi wa Agosti 2023, nilipofunga safari ya baiskeli peke yangu kutoka Nairobi kuelekea Mombasa.

Mimi ni mzaliwa wa Busia. Baba yangu alikuwa mwendeshaji wa boda boda katika siku ambazo jina hilo lilimaanisha baiskeli, kabla pikipiki hazijaitwaa kazi hiyo. Neno lenyewe lilizaliwa huko kwetu, katika kuwavusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Ni neno la Kiingereza la mpaka lililovishwa irabu za Kiswahili. Baba alikuwa na Black Mamba, baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, yenye keria iliyotandikwa mto. Mara nyingi nilimwona akimkataa abiria wa mwisho wa siku. Si kwamba hakuzitaka fedha, kwani karo yetu ilitoka juu ya keria ile. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwanangu, mguu una hesabu yake. Ukiukopa leo utaulipa kesho, tena kwa riba."

Kwa kulikumbuka somo hilo, niliandika masharti matatu daftarini kabla ya kuondoka. La kwanza, nisiwe barabarani baada ya saa kumi na moja jioni. La pili, nisitoke kituo chochote nikiwa na maji pungufu ya lita tatu. Sharti la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu kulitunga: maumivu yatakuwepo, na maumivu peke yake si sababu ya kusimama, lakini yakianza kubadilisha namna ninavyokanyaga pedali, safari imekwisha. Niliyaandika haya nikiwa nimeshiba, nimelala vya kutosha, na sina mtu wa kumwonyesha ushujaa. Masharti ya aina hii hayafai kutungwa barabarani, kwa maana aliyechoka ni wakili hodari wa lolote alitakalo.

Wengi hudhani kwamba kutoka Nairobi, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mtu huteremka tu hadi Mombasa. Miguu yangu ina ushahidi tofauti. Ipo miinuko ya Ukambani. Yapo malori, ambayo kila likupitalo hukusukuma kando kwa upepo wake kisha likakuvuta kulekule liendako. Na juu ya yote, ipo kusi. Sisi wanafunzi wa fasihi huijua kusi kutokana na mashairi ya pwani, upepo wa katikati ya mwaka uliovirudisha vyombo Uarabuni na Bara Hindi. Kwa mwendesha baiskeli anayeelekea kusini-mashariki, kusi ni mkono wa mtu kifuani kutwa nzima. Nililitambua hilo mapema, na ndiyo sababu nilijipangia siku tano kwa mwendo wa takriban kilomita 480.

Siku ya kwanza nililala Emali, ya pili Mtito Andei. Siku ya tatu nilipita baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mahali ambapo wanyama hawakuulizwa barabara ipite wapi. Tangu mwaka 1898, simba wawili walipowaua wajenzi wa reli penye Mto Tsavo, hapana anayehitaji kuelezwa kwamba nyika ile ina wenyewe. Niliingia Voi jua lingali juu. Goti la kushoto lilikuwa likiuma, nami nikalipima kwa sharti la tatu: lauma, lakini lakanyaga sawa na mwenzake. Nikalala.

Asubuhi ya siku ya nne mambo yaligeuka. Kabla ya kufika Maungu, kilomita kama 30 kutoka Voi, niligundua kwamba mguu wa kulia ulikuwa ukifanya kazi ya miguu miwili. Goti la kushoto lilijitenga nje kila lilipopanda, na kwa kila mzunguko baiskeli iliyumba kidogo kuelekea katikati ya barabara. Kuyumba nusu ya hatua uwanjani ni kitu cha kuchekwa. Kuyumba nusu ya hatua mbele ya lori lenye shehena ya bandarini ni jambo jingine kabisa. Hapo suala lilikoma kuwa la goti, likawa la uhai.

Niliketi Maungu katika kibanda cha chai. Zilikuwa zimesalia kilomita zipatazo 120. Wenzangu chuoni walikuwa wamechanga fedha za tyubu na chakula changu, na kila mmoja aliingoja picha yangu nikiwa nimesimama penye bahari. Mama muuza chai alinitazama nikilikanda goti, akasema, "Mwanangu, Mombasa haihami." Ni kweli haihami. Lakini kisichohama vilevile ni lile swali litakalomngoja mtu nyumbani: "Je, ulifika?" Nakiri kwamba swali hilo lilikuwa zito kuliko kilomita zote 120.

Nilimpigia baba simu. Hakuniuliza umbali uliobaki. Aliniuliza, "Bado waweza kupanda ngazi?"

"Kwa shida, baba."

"Basi hesabu imefika."

Nilipanda matatu hadi Voi, baiskeli ikiwa imefungwa juu, na kutoka huko nikapanda basi la kurudi Nairobi.

Wapo waliosema kwamba nilishindwa, na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni ile dhana, iliyoota mizizi hata katika uhakiki wetu wa fasihi, kwamba shujaa ni yule asiye na kikomo. Fumo Liyongo, shujaa wetu mkuu, alikuwa na kikomo kinachojulikana mahali pake hasa: sindano ya shaba kitovuni. Nguvu zake hazikupunguzwa na kuwapo kwa kitovu hicho. Kilichomwangamiza ni siri yake kuangukia mikononi mwa mwanawe, naye akaitumia dhidi yake. Kila mwili una kitovu chake cha Liyongo. Changu kilikuwa goti la kushoto, na bora nilijue mimi kabla halijajulikana na lori.

Hali kadhalika manahodha wa zamani. Waliofika na kaskazi walikaa bandarini miezi kadhaa wakiingoja kusi iwarudishe kwao. Katika muda huo waliuza, walinunua, na baadhi yao walioa. Hakuna aliyewaita waoga kwa sababu tanga lilikuwa limekunjwa.

Lugha yetu nayo imeliona jambo hili. Upeo ni mwisho wa uwezo, na upeo ndio pia ule mstari wa mbali ambapo macho hukutanisha mbingu na ardhi. Ukiusogelea, nao husogea. Mpaka ni mahali pa kuishia. Lakini kwetu Busia, mpaka ni mahali watu wanapofanyia biashara, wanapooleana, na wanapopata riziki. Mimi nilisomeshwa kwa fedha za mpaka.

Goti lilipona baada ya majuma sita. Wenzangu waliponiuliza kama nilifika, niliwajibu kwamba nilifika Maungu. Kilomita zangu 120 zingali pale, kati ya kibanda kile cha chai na bahari. Huenda nikazirudia mwezi wa Februari mmojawapo, kusi ikiwa imelala. Lakini nitatangulia kupanda ngazi, nione goti linasemaje.